Mfuniko Chini ya Vigae

Watu hudhani kwamba mtu aliyezibua mitaro kwa miaka mingi huwa amekwisha kuzoea harufu. Bi Mfuniko hakuizoea. Kila asubuhi, akishavaa buti za mpira zinazofika mapajani na kujifunga kitambaa puani, roho humchafuka upya kama siku aliyoajiriwa. Husimama kando, huinama, hutema mate, hujifuta mdomo kwa kiwiko, ndipo hushuka. Wenzake walimcheka hadi wakachoka. Mlingoti, mwanamume mrefu mwembamba ambaye wamebeba ndoo pamoja kwa muda mrefu kuliko ndoa nyingi za mtaa ule, husema mama huyu kapewa pua ya malkia na kazi ya panya.

Jina lake halisi lipo, limeandikwa kwenye kitambulisho cha jiji kinachoning'inia shingoni mwake, lakini mtaani halina kazi. Yeye ndiye anayebisha hodi na kusema, "Nimefuata mfuniko," basi wakamwita hivyo hivyo, na watoto wake nao wakaitwa watoto wa Bi Mfuniko, wakakasirika, wakakua, wakazoea.

Uchafu wenyewe ulimchafua roho, lakini uchafu haukuwa na nia mbaya. Waliomtia kinyaa hasa ni wenye nao. Alikuwa akipanda kichochoro asubuhi, mtu anatoka kwake kanyoa vizuri, shati limepigwa pasi, marashi yananukia kutoka mbali, anamsalimu kwa adabu zote, naye anaitikia huku kichwani anaiona ile nepi iliyofungwa kwenye gazeti ambayo aliinyanyua juzi kwa beleshi. Alijua nani hutupa nywele, nani hutupa mabaki ya plasta, nani humwaga mafuta ya kukaangia yakiwa bado ya moto. Hakuwahi kumwambia mtu. Ila alipoalikwa chakula nyumba hizo, mara zote alikuwa ametoka kula.

Kichochoro chenyewe kinashuka kutoka barabara kuu hadi bondeni. Zamani jiji lilichimba mtaro wa wazi kandokando yake. Baadaye wakaufunika kwa zege na kuacha mifuniko ya kuingilia, mmoja huku, mwingine kule, kila mmoja na pete ya chuma ya kuunyanyulia. Kisha watu wakaanza kusogeza kuta. Mmoja alitoa kibaraza, mwenzake akaona kibaraza ni kidogo akatoa chumba, wa tatu akasema mimi ni nani nisitoe chumba, na mwisho mtaro mzima ukawa chini ya sakafu za watu. Mfuniko mmoja ukaangukia chini ya meza ya kulia. Mwingine chini ya kitanda cha mume na mke. Mwingine nyuma ya kabati la vyombo.

Jiji lilifoka, likatishia kubomoa, likasahau. Kikosi cha mitaro hakikuweza kusahau, maana mvua haisahau. Basi ukazuka utaratibu ambao haukuandikwa popote. Kila mwaka kabla ya mvua kubwa, Bi Mfuniko na wenzake walipita nyumba kwa nyumba. Wenye nyumba walihamisha vitanda, wakakunja mazulia, wakatandaza magunia kutoka mfunikoni hadi mlangoni. Kikosi kikafungua, kikashuka, kikatoa ndoo baada ya ndoo kupitia sebuleni, mbele ya picha za harusi. Mwenye nyumba alisimama nje akijifanya anaongea na simu. Kikosi kilipoondoka, harufu ilibaki siku kadhaa, watu wakataniana kwamba fulani ameoga leo lakini chumba chake bado. Ilikuwa aibu ya wote, na kwa kuwa ilikuwa ya wote, ilibebeka.

Mwisho kabisa wa kichochoro, kule ambako mtaro unatokeza na kumwaga maji bondeni, kipo chumba cha mama yake. Mama huyo miguu imekwisha. Anatoka kitandani kwa kubebwa na anarudi kwa kubebwa, na kuhama hataki, kwa sababu chumba kile alikijenga marehemu baba yao, na kwa sababu kila anayemwambia ahame humjibu kwamba yeye si meza. Mtaro ukiziba, maji hayakosi njia. Hupanda juu kupitia vyoo na mianya ya sakafu, hushuka na kichochoro, na yote, ya nyumba zote, huenda kukusanyika mlangoni kwa mama.

Msimu uliopita mtaro uliziba nusu tu. Hiyo nusu ilitosha. Bi Mfuniko alipofika alimkuta mama ameshikilia nguzo ya kitanda, godoro limelowa, mfuko wa dawa kauweka kichwani kama mtu anayetoka sokoni, na pande zote mbili za kitanda yanaelea mambo ambayo binti yake ameyabeba maisha yake yote ili yasimfikie. Alimwosha mwenyewe. Alimwosha mara moja, akarudia, akabadilisha maji, akarudia tena. Mama alinyamaza tangu mwanzo hadi mwisho, na huyo ni mama asiyejua kunyamaza. Siku hiyo Bi Mfuniko aliapa kwamba haitatokea tena, hata kama itabidi aufukue mtaro kwa kucha.

Mwaka huu walipoanza mzunguko wao, nyumba ya kwanza ilikuwa ya karani mmoja mstaafu. Kitanda kilikuwa hakijahamishwa. Karani alikohoa, akawaonyesha: pale palipokuwa na mfuniko palikuwa na simenti laini, imepakwa rangi nyekundu. Alieleza kwamba mende walizidi, halafu ile harufu jamani, mtu unakuwa na wageni wote wanatazama chini. Kwa hiyo aliuziba. Wasijali lakini, mfuniko wa jirani uko wazi, mmoja ukizibwa hakuna neno.

Wakaenda kwa jirani. Jirani naye alikuwa ameziba, kwa sababu hizo hizo, akitegemea ule wa karani. Nyumba ya tatu walikuwa wameziba wakitegemea zile mbili. Wakashuka hivyo kichochoro kizima, mlango kwa mlango, na kila mlango Bi Mfuniko aliona uso ule ule mkavu na kusikia wimbo ule ule wa jirani. Kila mmoja aliziba kimya kimya, siku ambayo wengine hawapo, na kila mmoja alishangaa kusikia kwamba wenzake nao wameziba. Wengine walikasirika hata. Yule wa nyumba ya tatu alisema watu wa mtaa huu hawana ustaarabu.

Mfuniko uliokuwa wazi ulikuwa mmoja tu, wa Mama Chipsi, nao ulikuwa wazi kwa sababu ndimo alimomwaga mafuta yake. Mlingoti alipiga tochi ndani akaguna. Mafuta yalikuwa yameganda kuta zote mbili, meupe, manene kama sabuni ya kipande, na katikati ya weupe ule pamebaki kijitundu ambacho mkono wa mtu mzima ungepita kwa shida. Bi Mfuniko alitema mate zaidi ya mara moja siku hiyo. Waliyakwangua kadiri walivyoweza, lakini maji hayakuondoka. Yalikuwa yamesimama. Maana yake ni kwamba kizibo kikubwa kiko chini zaidi, na chini zaidi kulikuwa na nyumba moja tu kabla ya mama. Nyumba ya mdogo wake.

Mdogo wake ndiye kitinda mimba, na mtaani wanamwita Kamanda. Jina hilo alilipata alipochaguliwa mwenyekiti wa kamati ya maafa ya mtaa. Ana kizibao kinachong'aa, ana kipaza sauti cha mkononi, ana filimbi, na anaweza kuongea kuhusu mafuriko kutwa nzima bila kunywa maji. Chumba chake cha mbele, kile kilichokaa juu ya mtaro, alikiweka vigae vyeupe baada ya mvua zilizopita na kukipangisha kwa msusi, ambaye amefungua saluni ya vioo virefu, viti vya kuzunguka na beseni la kuoshea nywele. Ndicho chumba kizuri kuliko vyote kichochoroni.

Bi Mfuniko aliingia na buti zake. Msusi aliangalia vigae, akaangalia buti, akaacha kuchana. Kamanda alikuwa amekaa kiti cha mwisho anasoma simu. Dada yake alimuuliza mfuniko uko wapi. Akanyoosha ncha ya kiatu kuelekea kigae kimoja cha katikati, kisafi, hakina tofauti na wenzake, kama mtu anayeonyesha alipoangusha kijiti cha kiberiti.

"Wewe pia," alisema Bi Mfuniko.

"Dada, tafadhali. Huu ni mfuniko mmoja. Ya juu huko si iko wazi yote?"

Alimweleza kwamba hakuna iliyo wazi ila ule wa Mama Chipsi. Akamweleza habari ya mafuta, ya maji yaliyosimama, na kwamba kizibo kiko chini ya viatu vyake hapo alipo. Kamanda alisikiliza kwa uso wa mkutano. Kisha akasema atavunja, hakuna shida, ila si wiki hii. Wiki hii kuna wageni. Wafadhili wa mradi wa miji wanakuja kuangalia mtaa wao kama mtaa wa mfano, litafanyika zoezi la uokoaji, na saluni ndiyo kituo cha kukusanyikia, kwa kuwa iko juu kidogo na ina mwanga wa picha. Wageni wakiondoka, hata kesho yake avunje.

"Na mvua ikija kabla ya wageni wako?"

"Mama yumo kwenye mpango, dada. Nimemweka namba moja. Wa kwanza kuokolewa." Alitabasamu. "Ungeona mchoro wake ungelia."

Bi Mfuniko hakulia. Alihisi kile kile anachohisi asubuhi kabla ya kushuka, isipokuwa safari hii hapakuwa na pa kutemea. Alitazama kizibao kile kisicho na doa, akawaza kwamba mtu huyu hataki mafuriko yasiwepo. Anataka yawepo kidogo, yawe na mpangilio, yamkute amesimama mahali pazuri.

Alikwenda kwa mhandisi wa jiji, mwanamke wa makamo, msikivu, ambaye mezani kwake kila kitu kilikuwa na vumbi la kokoto. Mhandisi hakumzungusha. Alimwambia wazi kwamba mtaro ule lazima ufunguliwe wote, na kwamba yeye mwenyewe angefurahi kushika sururu. Ila ndani ya nyumba ya mtu kikosi hakivunji sakafu bila ridhaa ya mwenye nyumba, na bila ridhaa ni kwenda kuomba amri, na amri itatoka mvua zimekwisha. Alisema atakuja na hao wageni, na kikosi kije na vifaa, pengine mwenye nyumba ataona aibu. Bi Mfuniko alishukuru, lakini alimjua mdogo wake. Aibu alikuwa ameiziba muda mrefu.

Basi akaenda kwa mama, maana Kamanda hajawahi kumkatalia mama neno. Alimkuta ana furaha ambayo hakuwa ameiona kwa muda mrefu. Alikuwa ameshaambiwa kwamba kwenye zoezi yeye ndiye mgonjwa. Gauni la kijani lilikuwa limepigwa pasi na kutundikwa. Msusi ameahidi kuja kumsuka. Bi Mfuniko alipoanza habari ya vigae, mama alimkata.

"Usimwaibishe mdogo wako mbele ya watu. Amesema atafungua. Ameniahidi mimi."

"Alikuahidi lini, mama?"

"Ameniahidi." Na akageuzia uso ukutani, ambako alama ya maji ya msimu uliopita ilikuwa bado haijafutika, iko juu ya mto wake kwa shibiri moja.

Siku ya zoezi mvua iliamka pamoja na watu. Haikuwa kubwa, ni manyunyu tu, lakini yalianza alfajiri na hayakupumzika. Wageni walisimama chini ya miavuli, viatu vyao wamevivika mifuko ya plastiki. Kamanda alipuliza filimbi. Vijana wa kamati wakakimbia na machela hadi chini, wakaingia kwa mama, wakatoka naye kafunikwa shuka jeupe, kichwa kimesukwa mistari myembamba, na kichochoro kizima kikapiga makofi. Mama aliwapungia. Alipita mbele ya nyumba za watu walioziba mifuniko yao, nao wakampungia, wengine kwa machozi. Mama Chipsi alimrushia busu. Mlingoti, aliyekuwa amesimama na Bi Mfuniko kando ya ukuta, alimwinamia dada mtu sikioni akasema kama hivi ndivyo mtu anavyookolewa, basi na yeye anaomba azame kidogo.

Walimlaza katikati ya saluni, machela sakafuni. Wageni wakajipanga kando ya vioo, wakawa wengi kuliko walivyokuwa. Kamanda akazungumza. Alisema katika mtaa huu hakuna atakayeachwa nyuma. Alisema maandalizi ni utamaduni. Alisema mambo mengine pia, na kipaza sauti kilifoka kila aliposema neno lenye herufi kali, ndani ya chumba ambacho angeweza kunong'ona akasikika. Kisha akawapa vijana ishara, nao wakainama kushika mipini ya machela ili wamrudishe mama chumbani kwake.

"Mwacheni hapo," alisema Bi Mfuniko.

Alikuwa ameingia na buti, na safari hii alikuwa na sururu begani. Vijana walimtazama Kamanda.

"Dada, zoezi limekwisha."

"Halijaisha. Mmemtoa kwenye maji mnamrudisha kwenye maji. Huko nje kunanyesha, mtaro umeziba, na kizibo kiko hapa chini yake. Mkimrudisha kule, mnamrudisha kwenye nini?"

Mgeni mmoja alimuuliza mwenzake kitu kwa sauti ndogo. Mhandisi alisogea akasimama karibu na Bi Mfuniko. Kamanda alicheka, kicheko cha mwenye nyumba ambaye mtoto wake kamwaga maziwa mbele ya watu. Aliwaeleza wageni kwamba huyu ni dada yake mkubwa, mfanyakazi hodari wa jiji, ana uchungu sana na kazi yake. Na mama, kutoka chini alikolala, alimwunga mkono mwanawe. Alimwambia binti yake atoke na lile sururu, anawatia aibu, watu wamekuja na vitu vyao vizuri.

Bi Mfuniko alisema baadaye kwamba pale nusura atoke kweli. Si kwa woga. Alijisikia tu kwamba amechoka kuwanusa watu hawa, na kwamba miongoni mwao yumo na mama.

Lakini mkono wa mama ulikuwa unaning'inia nje ya machela, vidole vimegusa vigae. Akiwa bado anagomba aliuinua mkono ili amnyooshee binti yake kidole, na kidole kikawa na kitu. Kilikuwa cheusi, kinateleza.  Mama alivitazama vidole vyake. Watu wote wakatazama sakafu, wakaona kwamba kati ya kigae na kigae, kwenye ile mistari myeupe ya kuungia, mistari haikuwa nyeupe tena. Unyevu ulikuwa unapanda, polepole, kwa mistari iliyonyooka, umeshachora miraba kuzunguka machela yote.

Mama alipeleka vidole puani. Hakuna aliyemzuia.

"Njoo hapa," alimwambia mwanawe. Kamanda akapiga goti kando yake. "Hii ni nini?"

"Ni maji ya kuoshea nywele, mama. Beseni linavuja kidogo."

 Harufu ile mama alikuwa ameilalia usiku mzima msimu uliopita, na hakukuwa na mtu duniani wa kumwambia ni ya nini. Kisha, taratibu, kidole kwa kidole, akajifuta mkono kwenye kizibao kinachong'aa, kifuani, pale palipoandikwa neno MWENYEKITI.

"Nisogezeni ukutani," alisema. "Vunja, binti yangu."

Mhandisi alimgeukia Kamanda akamuuliza mbele ya wote kama anaridhia. Chumba kizima kilimgeukia. Alikuwa bado amepiga goti, anaangalia kifua chake. Aliinamisha kichwa, na mhandisi akasema hiyo inatosha.

Bi Mfuniko alipiga. Kigae cha kwanza kilipasuka kama sahani. Msusi alitoa sauti kama amepigwa yeye. Chini ya vigae palikuwa na simenti, na chini ya simenti palikuwa na mfuniko, pete yake imeoza. Mlingoti akaingiza mtaimbo, wakaegemea wote wawili, mfuniko ukainuka, na kilichotoka kwanza hakikuwa maji. Kilikuwa pumzi. Wageni walitoka pamoja, bila filimbi, kwa mpangilio mzuri kuliko zoezi zima.

Ndani palikuwa pameota mnyama. Bomba la beseni la saluni lilikuwa limeelekezwa humo tangu saluni ifunguliwe, na nywele zilizoshuka nalo zilikutana na mafuta ya chipsi yaliyoshuka kutoka juu, zikashikana, zikavuta nepi, zikavuta matambara, zikawa kitu kimoja kirefu, kinene kama kiwiliwili cha mtu, kijivu, chenye singa. Bi Mfuniko aliinama akatema mate. Kisha akamtuma Mlingoti akimbie bondeni akavute kutoka kwenye mdomo wa mtaro, maana kitu kile lazima kivutwe kule na kukatwa huku. Akabaki yeye na beleshi, na shimo, na nafasi ya mtu wa pili.

"Shuka," alimwambia mdogo wake.

"Mimi?"

"Una buti kabatini za kamati. Hazijawahi kuguswa. Vaa."

Kamanda alimwangalia mama. Mama alikuwa ameegemezwa ukutani chini ya kioo, shuka hadi kifuani, na hakumpa msaada wowote. Alisema tu kwamba mwanangu, kunanyesha.

Alishuka. Alitapika kabla hajafika chini, akatapika alipofika, na dada yake alimsubiri amalize kama mtu anavyosubiri gari lipite, kisha akampa kisu cha kukatia. Hakumfokea, wala hakumpa pole. Alimwelekeza: shika hapo, kata, vuta, pandisha. Kilipotoka kipande alikipokea kwa mikono miwili na kukitia kwenye ndoo. Mara moja Kamanda alinyanyua uso uliopakwa kijivu hadi kwenye nyusi, akauliza kwa sauti ya mtoto kama hivi ndivyo ilivyo kila siku. Alimjibu kwamba leo wamebahatika, hakuna jua kali.

Mchana ulikuwa umesogea waliposikia Mlingoti akipiga kelele kule bondeni, na kile kitu kikachomoka kama jino. Mtaro ukanguruma. Maji yaliyosimama kutoka kwa karani hadi saluni yakaenda yote kwa pamoja, yakipita mbele ya magoti ya Kamanda, na ikabidi ashikwe kola.

Kesho yake mvua kubwa ilishuka, ile hasa. Ilinyesha kutwa. Bi Mfuniko alikuwa amemhamishia mama kwa muda chumbani kwake mwenyewe, juu barabarani, akashuka mara kwa mara kwenda kuangalia. Maji yalifika kizingiti cha mama, yakalamba mlango, yakaingia kidogo hadi kwenye mkeka, yakaishia hapo. Godoro lilikuwa kavu. Alilishika kwa kiganja mara ngapi, hata yeye hajui.

Alipopanda kurudi alikuta chumba kimejaa watu waliokuja kumpa mama pole na hongera. Mama alikuwa anasimulia. Alisimulia jinsi mwanawe, mwenyekiti mzima, alivyovua aibu akaingia mtaroni kwa miguu yake, akaupasua ule uchafu kwa mikono yake, kwa ajili ya mama yake. Karani mstaafu alitikisa kichwa kwa heshima. Mama Chipsi alisema vijana wa namna hiyo wamebaki wachache. Kamanda mwenyewe alikuwa kakaa pembeni, ananuka sabuni za aina tatu, anaangalia chini kwa unyenyekevu uliomkaa vizuri kama kizibao kipya.

"Si nilikwambia ameniahidi," mama alimwambia binti yake alipomwona mlangoni.

Bi Mfuniko alisimama na buti zake zinachuruzika. Roho ilimchafuka kuliko ilivyowahi kuchafuka mbele ya shimo lolote. Alitoka nje, akainama, akatema, akajifuta kwa kiwiko. Alipoinuka, karani alikuwa amemfuata. Alikohoa kidogo. Alisema amefikiri sana kuhusu ule mfuniko wake, na kwamba baada ya kuona mfano wa Kamanda, yuko tayari uvunjwe. Ila kama inawezekana, angependa aje Kamanda mwenyewe. Nyuma yake alikuwepo yule wa nyumba ya tatu, na nyuma ya huyo jirani mwingine, na wote walitaka vivyo hivyo. Ingekuwa heshima.

Aliwatazama mmoja mmoja, na nyuso zao safi. Kisha akarudi ndani, akamwita mdogo wake jina la utotoni ambalo hakuna mwingine anayelijua, akamwambia atoke, watu wanamhitaji.

"Mimi? Wanahitaji nini?"

"Mifuniko. Yote. Wamekutaka wewe."

Kamanda aliangalia mlango uliojaa watu waliokuwa wakimtabasamia. Akamwangalia mama, ambaye macho yalikuwa yanamng'aa kwa fahari. Uso ukamgeuka rangi taratibu, kuanzia midomoni. Bi Mfuniko alivua glavu zake, zilikuwa bado zimelowa, akamshika mkono akamvalisha moja, halafu ya pili, akazikaza kwenye vifundo vya mikono.

"Anza kwa karani," alisema. "Mimi nitakuja na ndoo."